Chupa ya Mzee Tyrone

Kazi yangu ni vifaa vya jukwaani katika ukumbi mmoja wa maigizo nchini Marekani. Waigizaji wakiwa wanapakwa rangi, mimi natengeneza wiski: chai ya rangi iliyopoa, naizimua kwa maji mpaka ifanane na pombe yenyewe.

Tamthilia ya Long Day's Journey into Night ya Eugene O'Neill inajulikana kwa huzuni yake. Ni siku moja ya Agosti 1912: baba bahili, Mzee Tyrone; mama aliyeurudia uraibu wa mofini; kaka mlevi, Jamie; na mdogo mwenye kifua kikuu, Edmund. Usichokiona ukiwa kitini ni kwamba ugomvi wa nyumba ile umekaa kwenye vitu. Mzee Tyrone anaikagua chupa kwa macho. Jamie akiiba funda, anajazia maji ili baba asigundue. Kwa hiyo nyuma ya pazia napanga chupa zinazofanana, kila moja na kina chake na rangi yake, maana wiski iliyotiwa maji lazima ipauke. Nikitoa chupa isiyo ya tukio hilo, uongo wa Jamie unakosa ushahidi.

Balbu ndizo zinazotutesa zaidi. Katika tendo la nne baba anagombana na Edmund kuhusu taa, anaziwasha kwa hasira, na baadaye anazizima moja moja. Mwigizaji akigusa balbu hazimi chochote. Anayezima ni fundi taa, huku amekodolea macho vidole vya mwigizaji. Balbu za zamani zimekuwa adimu. Hizi za LED ukizififisha zinachezacheza, kisha zinakata ghafla, na mkono wa baba haujafika.

Mwongozaji wetu wa mwisho aliitaka nyumba ya leo: kuta nyeupe, taa zisizoonekana, maneno yamepunguzwa. Usasa siupingi. Mwaka 2022, huko New York, mwongozaji Robert O'Hara aliiweka tamthilia hii katika siku za korona, kwa chini ya saa mbili, wakati ikichezwa nzima inapita saa tatu. Lakini kwetu chupa ilibadilishwa kwa vikombe visivyoonyesha kilichomo. Jamie akajazia maji, ukumbi haukuelewa anaficha nini. Baba akalalamikia umeme ambao hakuna aliyeuona ukiwaka. Watazamaji wakaona mzee mkorofi tu; ule umaskini wa utotoni uliomfanya aogope hata gharama ya balbu haukuwafikia. Mama alipoingia na gauni lake la harusi, viti vya nyuma vilikuwa vinamulika simu.

Waigizaji ndio waliolaumiwa, nao hawakustahili. Walinyang'anywa vitu vya kugombania.

Ninyi waongozaji mnaoifufua kazi hii, kateni maneno mkitaka, hamisheni mwaka. Chupa iacheni ya kioo, na balbu ziwepo mahali ambapo mkono wa baba unafika.