Harufu Nzuri Haifagii Nyumba

Katika mila yetu ya Kivu ya Kusini, mutu na kanyama kake walilala chini ya paa moja na hakuna aliyesikia haya. Kuku walikuwa na kona yao, mbuzi na kamba yake, na dende walizunguka mafiga jikoni. Wageni wanauliza kila mara: na harufu je? Njo maana nataka kusema hapa juu ya majani yenye kunukia ya wazee wetu, na juu ya namna sisi wa mujini tumeshika nusu tu ya mila hiyo.

Kwanza nimuheshimu dende mwenyewe. Babu zake walitoka mbali, kwenye milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini kwetu amekuwa mwenyeji kabisa. Anakula majani, mimba yake inapita kidogo miezi miwili, na mama mujane anaweza kuanza na wawili tu. Tangu vita ya 1996, wakati ng'ombe na mbuzi waliporwa kwa wingi, dende alibaki, kwa sababu anafichika na anabebeka ndani ya kitunga. Wanafunzi wangu wengi madaftari yao yametoka kwa dende. Kwa hiyo sitamwambia mutu yeyote amufukuze.

Koko wangu mwanamke, kule Kabare, alifuga dende jikoni maisha yake yote. Kila asubuhi alitoa manyasi yenye kuloba mukojo, akaitupa kwenye migomba, akafagia, akaacha mulango wazi mpaka jua liingie. Kisha akatandika manyasi makavu. Nyuma ya ile yote, njo alichukua matawi ya muravumba na kuyatundika ukutani, na kuponda majani machache ya sitroneli kutoka chungu chenye kupasuka kilichokaa mulangoni. Harufu nzuri ilikuja mwisho, sawa vile mutu anaoga kwanza ndipo anajipaka mafuta.

Leo, katika mitaa ya Bukavu, nyumba ni ya mbao, chumba kimoja ao viwili. Mama mumoja jirani yangu alikuwa na dende nane chini ya kitanda cha watoto. Dirisha lilifungwa usiku na mchana, juu ya wezi. Alipanga mikebe mitatu ya sitroneli kandokando ya kitanda, akaniambia: «Mwalimu, majani inakula harufu mbaya.» Lakini mutoto wake mudogo alikohoa kila usiku.

Tuseme wazi. Mukojo wa nyama ukioza unatoa hewa ya amonia, ile inayochoma macho na koo. Inaumiza mapafu ya mutoto, na ya dende pia. Harufu ya sitroneli haiondoi amonia. Inachanganyika nayo tu, na pua, ambayo ni mulinzi wetu, inadanganyika.

Kuna wanaosema wazungu wamehakikisha kwamba mimea inasafisha hewa. Ni kweli kwamba mwaka wa 1989 watafiti wa NASA walitoa ripoti juu ya mimea iliyowekwa ndani ya sanduku zilizofungwa, na mivuke ya kemikali kama benzeni ilipunguka. Lakini nyumba si sanduku. Mwaka wa 2019 watafiti wawili wa Marekani, Cummings na Waring, walikusanya majaribio ya namna hiyo na kupiga hesabu: ingehitajika mimea kati ya 10 na 1000 kwa kila meta mraba ili kufikia kazi ya hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida. Nani ana mafasi ya mikebe hiyo yote?

Basi nilimuomba yule mama apeleke mutoto kwenye kituo cha afya. Na juu ya wezi, ambayo ilikuwa shida yenyewe, bwana yake alipigilia sanduku la mbao chini ya paa, nje, lenye miguu na kufuli. Dirisha likawekwa wavu wa chuma, sasa linafunguliwa. Mikebe ya sitroneli ilihamia hapo dirishani, upepo unapopita.

Neno la mwisho kwa wenye kufuga: si kila jani lenye harufu ni rafiki. Lantana, ile ya maua ya rangi-rangi kwenye nyua zetu, majani yake yanaharibu maini ya mbuzi na ng'ombe. Musiikate kama chakula cha nyama.

Tukifundisha vijana mila hii, tuwape yote kwa mufululizo wake: ufagio, mulango wazi, manyasi makavu, kisha muravumba. Tukiwaachia muravumba peke yake, siku moja watasema wazee walikuwa wajinga, na itakuwa uongo.