Nusu Alama Iliyopotea

Mwaka 2006 Eldoret ilianza kutumia OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ambayo tangu hapo imehamishwa toka matoleo ya kale ya lugha ya Java hata mapya. Nami, mwalimu wa Moi's Bridge, nilijitwika kazi ndogo ya namna hiyo: kuitoa programu huria ya wastani wa alama katika Python 2, ambayo utunzaji wake ulikoma mwaka 2020, na kuitia katika Python 3.

Kubadili maneno kulikuwa kwepesi. Kusadiki majibu kulikuwa kuzito. Msichana mwenye jumla ya alama 119 katika karatasi mbili alikuwa na wastani wa 59. Sasa ukawa 59.5. Nililaumu lugha mpya, nikataka kuishurutisha itoe jibu la kale. Kisha nilikokotoa kwa kalamu, nikatahayari. Python 2, igawapo namba kamili kwa namba kamili, huitupa sehemu ya desimali bila onyo. Msichana yule alikuwa amesawazishwa na mwenzake wa 118, hali alimshinda. Nilimwomba radhi, kisha nikawapelekea masahihisho walimu wengine walioitumia.

Ahamishaye mahindi huyahesabu magunia katika ghala zote mbili. Hesabu zikitofautiana, asiharakie kulilaumu ghala jipya. Huenda la kale ndilo lililovuja.