Mwanga Usioonwa na Karatasi

Kwenye sinema chumba cha giza ni chekundu, basi. Mpelelezi anaingia, taa nyekundu inawaka, picha inajitokeza taratibu ndani ya trei ya dawa, na muuaji anajulikana. Hakuna anayeuliza ni nyekundu ipi. Mimi nimelazimika kuuliza, tena kwa muda wa wiki nzima, kwa sababu nilikuwa na karatasi 25 tu na mwalimu mwenye macho yanayozimika.

Mwalimu mwenyewe ni baba mkubwa. Alikuwa na studio hapa Tanga, Ngamiani, enzi zile watu wanaazima koti na kusimama mbele ya pazia lililochorwa minazi. Studio ilifungwa zamani. Kilichobaki ni mashine ya kukuzia picha, trei tatu, na makopo ya biskuti yaliyojaa negativu. Daktari amemwambia ana presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea haurudi. Basi nikaamua nijifunze kusafisha picha kutoka kwake kabla... msomaji umenielewa. Karatasi aliniletea binamu yangu kutoka Uingereza, boksi moja la Ilford Multigrade, inchi 8 kwa 10. Kodak walitangaza mwaka 2005 kwamba wanaacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe, na hapa mjini sijaona duka linalouza za kampuni nyingine. Karatasi moja ikiharibika, imeharibika.

Ugomvi ukaanzia kwenye taa. Baba mkubwa alitaka ile yake ya zamani, kiboksi cha bati chenye kioo cha rangi ya kaharabu, kama chai ya rangi isiyokolea sana. Mimi nilitaka nyekundu ya LED.

"Mwanangu, kwenye nyekundu mimi sioni kitu," akasema. "Kwenye hii nilikuwa naona mpaka kope za bibi harusi."

"Sawa baba mkubwa, lakini na karatasi nayo itaona."

"Karatasi imeona taa hii kabla hujazaliwa!"

Na hakuwa anasema uongo. Jicho la binadamu huona kaharabu kwa urahisi zaidi kuliko nyekundu nzito. Tena watengenezaji wenyewe wako upande wake: Ilford kwa karatasi zao za Multigrade wana kichujio namba 902, ambacho ni cha kahawia hafifu, na Kodak walikuwa na kile cha OC, kaharabu hafifu. Anayekwambia kwamba karatasi hizi lazima ziwe na taa nyekundu ameangalia sinema nyingi mno.

Jambo lenyewe ni hivi. Chumvi za fedha zilizopakwa juu ya karatasi, kwa asili yake, huona bluu na urujuani tu. Mwaka 1873 Mjerumani Hermann Vogel akagundua kwamba ukizitia rangi fulani zinaanza kuona na kijani. Kufikia mwaka 1906 ziliuzwa sahani za kioo zinazoona rangi zote, nyekundu ikiwemo, ndiyo maana filamu nyingi za kawaida huingizwa kwenye dawa katika giza totoro, bila taa ya aina yoyote. Karatasi ya Multigrade iko katikati. Inaona bluu na inaona kijani, na kwa kucheza na rangi hizo mbili chini ya mashine ndipo unapoongeza au kupunguza ukali wa picha. Nyekundu ni kama haioni. Kaharabu imekaa mpakani, jirani na kijani. Ikiwa safi, salama. Ikivuja kidogo tu, umekwisha.

Nikaenda mjini kutafuta taa nikiwa na CD ya taarab mfukoni. Wauza vifaa vya umeme walinicheka, lakini CD ni chombo kizuri cha kupekulia taa. Unaiinamisha karibu na taa inayowaka, na ule upande unaong'aa unaupasua mwanga katika rangi zake. Nilipima globu nyekundu za kupakwa rangi, zile za kwenye mabaa na kumbi za harusi. Nyekundu ilikuwepo, ndiyo, lakini pembeni yake kulikuwa na utepe wa kijani na kingine cha bluu, vyembamba, vinanichungulia. Kwa macho globu ni nyekundu. Ndani ya rangi mna taa nyeupe. Hata kitambaa chekundu juu ya globu nyeupe ni hivyo hivyo, na juu ya hapo kinaweza kuwaka moto. LED moja ndogo, nyekundu ya kuzaliwa na si ya kupakwa, ndiyo iliyonionyesha utepe mmoja tu, mwekundu, na pande zote mbili giza. Nikanunua tatu.

Lakini CD haimalizi kesi. Inakwambia taa ina nini, haikwambii karatasi yako itavumilia dakika ngapi. Hilo huulizwa karatasi yenyewe.

Baba mkubwa akafanya jaribio lake la siku zote. Akachukua kipande cha karatasi, akakiweka chini ya taa yake ya kaharabu, sarafu juu yake, dakika nne, kisha kwenye dawa. (Dawa nayo inataka nyuzi 20, na maji ya bomba Tanga yako mbali sana na 20, kwa hiyo tulikuwa na mfuko wa barafu kama wauza samaki.) Kipande kikatoka cheupe pee. Sarafu haikuacha hata kivuli. Mzee akanitazama kama wakili aliyeshinda.

Nikamwomba tujaribu kwa namna nyingine. Katika giza kamili nikakipa kipande kingine mwanga kidogo wa mashine, kiasi cha kutoa kijivu chepesi. Halafu tukakiweka chini ya taa ile ile kikiwa na sarafu nne kwa safu, nikakifunika kwa kadi na kukifunua hatua kwa hatua, ili sehemu moja ikae wazi dakika nane, nyingine nne, nyingine mbili, na ya mwisho isifunuliwe kabisa. Kwenye dakika nane duara la sarafu lilionekana wazi. Kwenye nne lilionekana. Kwenye mbili, ukiinamisha kipande dirishani, lilikuwepo.

Karatasi ina kizingiti chake. Mwanga hafifu ukiikuta tupu, unaweza usivuke kizingiti hicho, na karatasi ikabaki nyeupe. Ukiikuta imeshapigwa picha, imeshavuka, na kila tone linaloongezeka linahesabiwa. Shela la bibi harusi linakuwa la kijivu, na wewe unalaumu dawa. Picha moja, tangu itoke kwenye boksi mpaka iingie kwenye dawa ya mwisho, inakaa chini ya taa yetu kama dakika tatu. Kioo cha baba mkubwa kilishapauka, globu imekichoma miaka mingi, na vichujio ndivyo vilivyo, vinazeeka.

Hakusema kitu. Alikifuta kile kioo kwa kanzu yake, akakirudisha kwenye bati, akaliweka juu ya kabati. Sikufurahi kushinda.

LED moja nyekundu ilipita mtihani huo huo kwa dakika nane bila kivuli, ila mzee alipapasa trei kama mtu anayetafuta kandambili usiku. Tukaongeza ya pili, na ya tatu, zote tukazigeuzia dari, maana dari letu ni jeupe na mwanga ukidunda unatawanyika chumba kizima bila kuiangukia trei moja kwa moja. Tukapima upya, kwa sababu kila taa unayoongeza ni swali jipya. Dakika nne, safi. Dakika nane, kivuli hafifu. Nikaandika 4 ukutani kwa chaki. Tukaziba chini ya mlango kwa kanga, simu zikabaki nje.

Kwa taa tatu anaona umbo. Rangi za kati hazioni, kwa hiyo ananiuliza.

"Nywele zimeshika weusi?"

"Bado."

Anahesabu kimoyomoyo, vidole vyake viko kwenye ukingo wa trei. "Sasa?"

"Zimeshika."

"Toa."

Halafu dawa ya pili, halafu ya tatu, ambayo mafundi wa zamani waliiita haipo, na mimi hucheka kila akiniuliza haipo iko wapi. Ikishakaa humo dakika moja na boksi limefungwa, nawasha taa nyeupe. Picha ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwenye hereni kubwa. Baba mkubwa akaisogeza hadi karibu na pua, maji yakimchuruzika kiwikoni.

"Huyu alichukua nakala mbili," akasema. "Akalipa moja."