Kombe

Bibi yangu alikuwa akiandika kwenye sahani. Mtoto akishikwa na homa isiyoisha, alitoa sahani nyeupe kabatini, akaroweka zafarani kwenye marashi ya waridi, akachovya kijiti na kuandika aya. Maandishi yakishakauka, aliyaosha kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji yale. Hilo ndilo kombe. Nimekunywa mengi. Sahani ilirudi kabatini nyeupe, kama haikuandikwa kitu.

Alifariki Unguja mimi nikiwa Stoke-on-Trent, Uingereza, nikisoma shahada ya uzamili ya ufinyanzi. Alizikwa siku ileile, na mimi sikuwahi. Kitu pekee cha mkono wake nilichokuwa nacho ni kikaratasi alichokitia ndani ya kopo la visheti: Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mistari mitatu. Ule. Ulale. Usituache sana.

Nikaamua kukichapa kwenye kauri.

Udongo wa kauri ni mkaidi. Ukikauka hupasuka, na huwezi kuunga kipande kikavu na kibichi. Ndiyo maana nilichanganya na rojo la karatasi. Msanii Rosette Gault alianza kuuchunguza mchanganyiko huu kwa kina huko Banff, Kanada, mwaka 1990. Nyuzi za karatasi hushikilia udongo, hivyo unaweza kuukunjua mwembamba kama chapati, na hata ukivunjika ukiwa mkavu unaungika. Nilitengeneza rojo langu kwa karatasi za chooni, kwa sababu hulainika upesi. Tanurini karatasi yote huungua, ikabaki kauri tupu.

Uchapaji una historia ndefu zaidi. Mwaka 1756, John Sadler na Guy Green wa Liverpool waliapa kwamba walichapa vigae zaidi ya 1,200 kwa saa sita. Katika njia iliyozoeleka hapa Stoke, picha huchongwa kwenye bamba la shaba, hupakwa wino, huhamishiwa kwenye karatasi ya shashi, kisha shashi husuguliwa juu ya chombo. Mimi sikuwa na bamba. Niliweka shashi juu ya kikaratasi cha Bibi, nikafuatisha herufi zake kwa brashi yenye rangi ya kobalti, nikaigeuza juu ya udongo na kuisugua kwa mgongo wa kijiko.

Nilipoibandua, maandishi yalikuwa kinyume. Yalianzia kushoto. Bamba la shaba hugeuza picha mara mbili, ndiyo maana husomeka sawa. Mimi nilikuwa nimegeuza mara moja. Nilikaa chini nikacheka mpaka nikalia. Tangu msiba nilikuwa sijalia.

Mara ya pili nilifuatisha herufi kwa upande wa nyuma wa shashi. Zikatoka sawa. Lakini kauri hunywea ikichomwa, na sahani ilipotoka tanurini mwandiko wa Bibi ulikuwa mdogo kuliko alivyouandika, kama unaotazamwa kwa mbali.

Nikampigia Mama kwa video, nikamwonyesha. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Sasa hiyo inaoshwaje?"

"Haioshwi, Mama. Rangi iko chini ya gleizi. Haitoki tena."

"Mwenyewe alikuwa akiandika ili yatoke," akasema. "Yakibaki kwenye sahani, nani atayanywa?"

Hakunilaumu, alikuwa anauliza tu. Sikuwa na jibu. Nilitumia miezi mitatu kuzuia kitu kisifutike, na niliyekuwa nikimfanyia hivyo alikuwa mtu ambaye kazi yake yote ilikamilika ilipofutika.

Sahani ile ninayo bado, mezani, siilii. Nimetengeneza nyingine kwa udongo uleule, nyeupe, bila chapa. Hiyo nitampelekea Mama nikirudi. Zafarani anayo.