Majina Nyuma ya Picha: Ziara Yetu Kabalo

Mwenye ramani ya Kongo na aifunue, autafute mto Lualaba, kisha aufuate kwa kidole toka Bukama kwenda kaskazini. Kabla ya kufika Kongolo ataona mahali ambapo njia tatu za reli zakutana. Moja yatoka mashariki, Kalemie, penye ziwa Tanganyika. Ya pili yatoka kaskazini, Kindu na Kongolo. Ya tatu yatoka upande wa kusini, Kamina na Kabongo. Mahali hapo ndipo Kabalo. Si mji mkubwa, wala hauna majengo ya kumshangaza mgeni. Lakini reli ndiyo iliyoulea, na wazee wake wengi ni watoto na wajukuu wa watu wa reli.

Twapenda kuwaeleza kwanza kwa nini tulikwenda huko. Siku moja darasani tuliwauliza wanafunzi wetu: «Nani aliyeijenga njia ya reli ya Kalemie mpaka Kabalo?» Wakajibu wote kwa sauti moja: «Wazungu!» Tukawauliza tena: «Wazungu wangapi? Nao walibeba vyuma wenyewe?» Wakacheka, halafu wakanyamaza. Kijana mmoja akainua mkono, akasema: «Mwalimu, baba wa babu yangu alifanya kazi ya reli, lakini sisi hatumjui jina.» Neno hilo lilitukaa moyoni. Likizo ilipofika tulifunga safari.

Habari zilizoandikwa vitabuni twazijua. Kampuni ya C.F.L., yaani ya reli za Maziwa Makuu, ilianzishwa mwaka 1902 na tajiri Mbelgiji, Baron Empain. Shabaha yake ilikuwa kuunganisha zile sehemu za mto zipitikazo kwa meli, kwa kutia reli mahali penye maporomoko. Njia ya kutoka Kabalo mpaka ziwani, urefu wake kilometa 273, ilifika Albertville mwaka 1915; ndio mji uitwao Kalemie tangu mwaka 1966. Mwaka huo huo wa 1915, wakati wa vita vikuu vya kwanza, Waingereza walipitisha hapo mashua mbili za vita, Mimi na Toutou. Zilivutwa porini, zikateremshwa kwa mto mpaka Kabalo, kisha zikapakiwa juu ya gari la moshi kuelekea ziwani kupigana na meli za Wajerumani. Jina la mkuu wa safari hiyo, Spicer-Simson, laonekana katika vitabu vingi. Bali wale waliokata miti, wakavuta kamba na kujaza mchanga chini ya mataruma, majina yao ni machache mno yaliyoandikwa. Basi tulijiuliza: kama hayamo vitabuni, labda yamo majumbani?

Tulipofika Kabalo hatukwenda kwanza stesheni. Tulikwenda kwa watu. Tuliwaamkia wazee, tukawaeleza shauri letu, tukaomba kuonyeshwa picha za zamani. Wengine walitazamana. Kwa kweli si desturi ya mgeni kuomba picha za wafu. Baba mmoja akatuuliza: «Mwalimu, mnataka kuzinunua?» Tukamjibu: «Hapana, Baba. Twataka kuzisoma.» Hapo akafungua mlango wa chumba cha ndani.

Katika siku tano tuliona picha nyingi kuliko tulivyotumaini. Nyingine zilikuwa ndani ya Biblia, nyingine chini ya godoro, nyingine zimebandikwa ukutani mpaka jua limekula nyuso zake. Tuliona harusi, ubatizo, na watoto wa Komunyo ya kwanza wenye mavazi meupe na viatu vya kuazima. Tuliona masinisti amesimama mlangoni mwa mashine yake, ameweka mkono juu ya chuma kama mchungaji awekavyo mkono juu ya fahali. Tuliona akina mama wa kambi ya wafanyakazi wakitwanga mihogo, na nyuma yao nyumba zilizopangwa safu kama mabehewa. Nyumba nyingi zilituambia neno moja: «Tulikuwa na nyingi zaidi, vita vilizipoteza.» Maana mji huu umeona vita vya miaka ya 1960, na tena vile vilivyoanza mwaka 1998. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, sufuria na chumvi. Ni nani akumbukaye karatasi?

Lakini yuko mmoja aliyekumbuka. Ni mama mzee, mjane wa mtu wa reli. Tulimwita Nkambo, kama watu wa huku wamwitavyo bibi. Kila alipokimbia alizifunga picha zake katika kitenge, akakifunga tumboni chini ya nguo, kama mama afichavyo fedha. Siku hizi zimo katika kopo la biskuti, nazo ni kumi na moja. Alituletea kopo hilo kwa mikono miwili, akaliweka mbele yetu, akasema: «Nisomeeni.»

Tulidhani amekosea. Sisi ndio tuliokuja kusomewa! Kumbe Nkambo haoni tena. Mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Wajukuu wake wanaona vizuri sana, lakini hawajui hata mmoja kati ya watu wale. Yeye anawajua wote, wala hawezi kuwaona. Hivyo kopo lilikuwa limefungwa kwa miaka, ingawa kifuniko chake chafunguka.

Basi tukaanza kazi. Mjukuu mmoja wa kike, mwanafunzi wa sekondari, alishika picha karibu na dirisha na kueleza alichokiona. «Nkambo, hapa pana kijana. Kofia yake imelala upande wa kulia. Ameshika taa.» Bibi akacheka mpaka mabega yakatikisika. «Kofia upande! Huyo ni ndugu mdogo wa babu yako. Taa ile si yake, aliiazima kwa mwenzake ili apate kupigwa picha.» Akataja jina lake, jina la baba yake na kijiji alikotoka. Nasi tukaandika kwa penseli nyuma ya picha, polepole, bila kukandamiza. Majina hayo hatuyaandiki katika ukurasa huu, kwa kuwa ni ya jamaa hiyo. Yapo pale yanapostahili kuwapo.

Nyuma ya picha moja palikuwa pameandikwa neno «Albertville». Binti akauliza: «Hiyo ni nchi gani?» Bibi akastaajabu. Alikwenda huko kwa gari la moshi alipokuwa mchumba, kununua nguo ya harusi. Na mjukuu wake, aliyekwenda Kalemie mara mbili, hakujua kwamba ni mji ule ule. Ndivyo historia ipoteavyo: mahali hapahami, ila jina labadilika na hakuna amwambiaye mtoto.

Picha ya tisa ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Ndani yake wanaume saba wamesimama kando ya njia ya reli, wameshika nyundo na mitaimbo. Nkambo alisema ilipigwa wakati wa «kupanua njia». Tulielewa mara moja, maana jambo hilo lajulikana. Hapo kwanza reli za C.F.L. ziliachana meta 1 tu. Reli za kusini, zile za Katanga, ziliachana milimeta 67 zaidi. Mabehewa ya huku yasingeweza kwenda kule. Mwaka 1955 njia ilipanuliwa, na mwaka 1956 reli ya Kabalo iliunganishwa na ile ya Kamina. Hivyo mtu aliweza kupanda gari ziwani Tanganyika na kufika Katanga ya kusini kwa reli. Vitabu vyasema: «Njia ilipanuliwa.» Ndiyo, ilipanuliwa, lakini chuma hakijisogezi. Watu saba wa picha ile walikuwa kati ya wale waliokisogeza, msumari kwa msumari, taruma kwa taruma.

Binti akaeleza, bibi akataja. Wa kwanza, mwenye kidevu kirefu: kapita. Wa pili, mfupi, mwenye kifua kipana: mumewe mwenyewe. Hapo akanyamaza kidogo, akaomba karatasi, akaipapasa kwa kidole kana kwamba uso una umbo. Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita: wote wakapata majina. Lakini wa saba, wakati wa kupigwa picha, aligeuza kichwa. Uso wake umekuwa kama moshi. «Mweleze tena,» akasema Nkambo. Binti akamweleza: ni mrefu, amevaa kaptula, mkono wake wa kushoto uko begani mwa mwenzake. «Begani mwa nani?» «Begani mwa babu, Nkambo.» Bibi akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: «Alikuwa rafiki yake, basi. Alikula nyumbani kwangu. Nami simjui.»

Tulitafuta siku mbili nzima kati ya wazee wa mji. Hakuna aliyeweza kumtambua. Waliofanya kazi naye wamekwisha lala usingizi wa mwisho. Kama mtu angaliuliza miaka thelathini iliyopita, jina lingalipatikana kwa dakika moja, tena kwa kicheko. Sasa hata fedha nyingi haziwezi kulinunua. Nyuma ya picha tuliandika majina sita, na mahali pa saba tukaandika: «Rafiki wa babu.»

Yafaa tuungame hapa kosa letu wenyewe, tusije tukawahubiria wengine. Tulikuwa na picha ya marehemu baba yetu, aliyopigwa katika ujana wake pamoja na wenzake wawili. Tulipopata mshahara wetu wa kwanza tulitaka kuitukuza. Tuliipaka gundi, tukaibandika juu ya ubao, tukaitia katika fremu yenye kioo, tukaitundika mahali penye mwanga. Nyuma yake mama alikuwa ameandika maneno kwa mkono wake. Hatukuyasoma kwa makini, kwa kuwa tulidhani yatakuwapo sikuzote. Gundi imeyala. Mama naye ameaga dunia. Wale wenzake wawili wa baba watutazama kila siku kutoka ukutani, nasi hatujui tuwaamkie kwa jina gani. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, wazazi na wanafunzi, twawaomba mfanye mambo machache yasiyogharimu fedha. Picha isibandikwe ukutani wala kwa gundi wala kwa utepe. Adui zake ni jua, unyevu, mchwa na vidole vyenye mafuta; ishikeni pembeni, kwa mikono mikavu. Kila picha iwe ndani ya bahasha ya karatasi safi, kisha ndani ya kopo au sanduku lililo kavu, lisilokaa sakafuni. Picha za rangi hufifia upesi kuliko zile nyeusi na nyeupe. Anzeni na hizo. Kalamu ya wino hupenya na kuchafua uso wa picha. Tumieni penseli laini. Mwenye simu yenye kamera na apige nakala kivulini, bila kuwasha taa yake, nyuma na mbele pia, awapelekee ndugu walio mbali. Moto ukiteketeza nyumba moja, nyumba nyingine itakuwa nayo.

Lakini kabla ya hayo yote, kaeni na mzee. Mwulizeni: huyu ni nani, mwana wa nani, alitoka wapi, alifanya kazi gani, picha hii ilipigwa wapi na mwaka gani? Asipokumbuka mwaka, ulizeni kama ilikuwa kabla ya kuzaliwa mtoto fulani au baada ya vita fulani. Andikeni siku hiyo hiyo, wala msiseme kesho.

Jambo hili si geni nchini kwetu. Kule Lubumbashi, mji mwingine uliokuzwa na reli na migodi, tangu mwaka 2000 wasomi wa chuo kikuu pamoja na wenyeji walifanya kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, wakikusanya masimulizi, michoro na vitu vya nyumbani vya watu wa kawaida. Mji mkubwa umeweza kwa msaada wa chuo kikuu. Mji mdogo una watoto wa shule wenye penseli, nao wanatosha kuanza.

Tuliporudi darasani tuliuliza tena swali letu: nani aliyeijenga njia ya reli? Yule kijana aliinua mkono. Wakati wa likizo alikuwa amekwenda kijijini kwa shangazi yake mzee, akamwuliza. Alisimama, akataja jina la baba wa babu yake, wazi wazi, mbele ya wenzake wote. Hakuna aliyecheka. Tukaliandika ubaoni, na siku ile hatukulifuta.