Kiazi kimoja, dumu moja
Wenzangu, hapa Rumonge mvua ikirudi mwezi wa 10, kila mtu anatafuta mbegu ya viazi vitamu. Usingoje. Mwezi wa 8 kata dumu la mawese, toboa chini, tia udongo na mchanga, laza kiazi kimoja kizima, funika kidogo. Weka ndani karibu na mlango. Maji kidogo tu, yakizidi kinaoza. Machipukizi yakizidi shubiri moja, kata upande.

Mama mmoja aliniuliza: “Mwanangu, kiazi kinataka miezi 4 au 5. Wakitupandisha gari kwenda Ruyigi kesho?”

Nikamwambia: mama, matembele tutachuma mapema. Na mashina yakikatwa, yakafungwa kwa kitambaa kibichi, yanavumilia safari siku chache. Tulipovuka ziwa kutoka Fizi, shamba lilibaki. Haya yanabebeka.