Mamtoni miaka 19, nyumbani nikaingia kwa viza!

Wasomaji, kuna aibu nyingine mtu humsimulii hata jirani yako. Lakini hii yangu acha niimwage hapa, maana najua wengi wenu usiku hamlali kwa kuota majuu.

Niliondoka Bongo Septemba 2004, kijana wa miaka 22, begi moja mgongoni na koti zito la mtumba kwa ajili ya baridi ya kwa Malkia. Nilirudi Desemba 2023. Piga hesabu mwenyewe.

Ndege kutoka London kupitia Doha ilitua Dar mchana, jua linawaka kama limetumwa. Uwanja nilioaga sikuukuta. Tulishukia jengo jipya la abiria, lile lililofunguliwa 2019, vioo vitupu. Kwa mazoea nikajipanga mstari wa Watanzania. Kijana mmoja wa pale akaiona pasi niliyoshika, akatabasamu kwa adabu: “Mzee, mstari wako ule pale.”

Ule pale ulikuwa wa wageni. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ukichukua wa wenzio, wa kwenu umeuacha. Mimi niliuchukua wa Uingereza 2019, baada ya kuhangaika na makaratasi miaka nenda rudi. Basi nikatoa dola 50 za viza, nyuma ya wazungu wanaokwenda kumwona simba Serengeti. Mimi nakwenda kumwona mama.

Kesho yake alfajiri nikamwambia dereva wa teksi anipeleke Ubungo. Akacheka mpaka akapunguza mwendo. “Kaka, umetoka wapi wewe? Mabasi ya mikoani yako Mbezi siku hizi.” Kweli, stendi imehamia Mbezi Luis tangu 2021, na pale Ubungo barabara zimepandana, moja juu ya nyingine.

Njia ya Tanga mnaijua: Kibaha, Chalinze, halafu unakata kulia. Pale Wami zamani magari yalisubiriana kupita daraja jembamba la njia moja. Sasa lipo jipya, refu na pana, tukalipita huku abiria wanapiga soga. Segera tukachukua njia ya kulia, Muheza vijana wakaning’iniza machungwa madirishani. Nilinunua mfuko mzima, nikamenya moja hapo hapo. Wallahi, machozi yalinitoka, na dada niliyekaa naye akadhani chungwa ni kali.

Kwetu ni Ngamiani, zile barabara za namba, kuanzia ya kwanza mpaka ya 21. Baba yetu alikuwa fundi wa reli, ile reli ambayo Mjerumani alianza kuijenga hapa hapa Tanga 1893. Siku zile mji mzima baiskeli. Baiskeli bado zipo, ila bajaji na bodaboda zimezizidi kelele.

Mama alikuwa barazani, kwenye mkeka. Nikapiga magoti. “Shikamoo mama.” Hakuitikia. Akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kama kipofu, halafu ndiyo akasema: “Marahaba mwanangu. Umekuwa kama baba yako.”

Hapo ndipo niwaambie ukweli. Baba alifariki Machi 2014, nami sikuja kuzika. Pasi yangu ilikuwa kwa wenyewe, ombi langu bado linasubiri majibu, na ningetoka nisingerudi. Walimzika siku ile ile kama ilivyo ada ya Waislamu, mimi nikamlilia kwenye choo cha kazini. Sawa, hilo la makaratasi. Lakini makaratasi niliyapata 2019. Kwa nini nilikaa miaka mingine minne? Jibu ni kwamba nilikuwa nimenuna.

Nilimnunia mdogo wangu. Kuanzia 2010 nilikuwa namtumia pauni 200 kila mwezi anijengee nyumba, kiwanja kiko njia ya Pongwe. Alinitumia picha za matofali, kisha za msingi, kisha kimya. 2014 rafiki yangu mmoja alipita pale akaniambia: “Mshikaji, kuna majani na mbuzi.” Hadithi hiyo mnaijua, kila mbeba boksi anayo ya kwake. Nilikata simu, nikakata na undugu. Habari za mama nilizipata kwa shangazi.

Siku ya tatu nikaenda kiwanjani peke yangu. Kweli bwana, majani na mbuzi. Msingi wa vyumba vitatu, umeota mpapai katikati. Nilirudi nyumbani nimefura. Mdogo wangu alinikuta uani, akaniamkia, nikaitikia kwa kumung’unya. Hakujitetea. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki iliyochakaa, akaiweka mapajani pangu.

Risiti. Nilizihesabu mpaka 40 nikaacha. Baba alikuwa na ugonjwa wa figo. Mwaka wake wa mwisho alikuwa akisafishwa damu Dar, mara tatu kwa wiki, na kila mara ni laki mbili, laki mbili na nusu. Juu yake nauli, chumba cha kupanga, chakula. Nyumba yangu yote ilikuwa mle kwenye bahasha.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Baba alikataza, kaka. Alisema ukijua utarudi, na ukirudi hutaingia tena kule. Aliniapisha. Nilijua utanichukia, nikasema bora unichukie mimi kuliko kukosa huko na huku.”

Miaka tisa, wasomaji! Miaka tisa mtu amebeba jina la mwizi ili mimi nisiharibikiwe. Nilitaka kumwomba msamaha, maneno yakakwama. Tukaenda makaburini wote wawili, tukang’oa magugu bila kusemezana. Wakati wa kurudi alinunua mihogo ya kukaanga ya pilipili, akanipa karatasi nilizozoea utotoni. Ndivyo tulivyopatana.

Lakini mama ndiye aliyenimaliza. Mama ana sukari, miguu inavimba. Asubuhi moja, baada ya mbaazi na maandazi, niliona kucha zake zimerefuka na ngozi ya kisigino imepasuka. Nikaomba beseni la maji ya vuguvugu. Nikamuosha miguu, nikaikausha mpaka katikati ya vidole, nikamkata kucha moja moja kwa kuzinyoosha, maana mwenye sukari kidonda kidogo ni balaa. Nilifanya bila kufikiri.

Mama akanitazama. “Mwanangu, haya umejifunzia wapi?”

Miaka yote nilikuwa nimewaambia nafanya kazi ofisini. Kweli ni kwamba nafanya kazi nyumba ya kutunza wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawabadilisha nguo za ndani. Nikamwambia. Nilitarajia aone haya kwa niaba yangu.

“Mbona ni kazi ya heri,” akasema. “Ila hao wazee, hawana watoto?”

“Wanao, mama. Wako mbali.”

Hakusema kitu. Aliutoa mguu kwenye taulo polepole, akauvuta chini ya kanga. Mimi nikachukua beseni kwenda kumwaga maji, nikakaa uani muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Wiki tatu ziliisha kama chai. Siku ya kuondoka mama alinifungia achari ya embe na kilo ya mbaazi kavu. Mdogo wangu alinisindikiza stendi. Hatukuzungumza habari ya nyumba ya vyumba vitatu. Tulikubaliana jambo moja: ile pesa ya kila mwezi irudi, lakini kwanza mama atengenezewe choo cha kukaa ndani, asiende tena uani usiku kwa kupapasa ukuta.

Nanyi masela na madada mnaotafuta mlango wa kutokea, siwezi kuwaambia msiende. Mimi niliyekula huko nina mdomo gani? Ukipata zali, nenda. Ila ukipiga simu nyumbani, usianze na matofali yamefika mangapi. Uliza nani anaumwa, na wakikujibu “sote wazima” haraka haraka, uliza tena. Na wewe usijifanye bosi. Tulidanganyana sisi, kila mmoja akimlinda mwenzake, ikatugharimu miaka tisa ambayo hakuna wa kuirudisha.

Mwezi wa tatu baada ya safari ile mdogo wangu alinitumia picha. Choo kimekwisha, vigae vyeupe, na chuma cha kushikia ukutani kama nilivyomwelekeza. Mama amesimama mlangoni, amekishika, anacheka.

Picha ile nilimwonyesha bibi mmoja wa pale kazini, wakati namkata kucha. Akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mama yangu. Akauliza yuko na nani. Nikajibu, “Yuko na mdogo wangu,” nikaendelea na kidole kingine.